Kulabu Isiyoshikwa na Sumaku

Birika la achari lilipokwisha kukaushwa, hakuna aliyetaka kushuka. Lilikuwa la saruji, lenye kina kupita kimo cha mtu, na harufu ya siki na maembe iliyobaki ndani yake ilitosha kumtoa mtu machozi hata kama hana msiba. Sajini Mapenzi Karisa aliwatazama wafanyakazi wa kiwanda cha Mwabungo mmoja mmoja, na kila mmoja akaona jambo la maana la kuangalia upande wa pili. Basi akavua viatu vya serikali, akakunja suruali, akashuka ngazi mwenyewe.

Alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na hilo jina la Mapenzi alilopewa na bibi yake halikumfaa hata kidogo. Polisi wenzake wa stesheni ya Kwale walikuwa wameuchoka mzaha huo zamani. Kazini alijulikana kwa ukaidi mmoja tu: hakukubali kesi ifungwe kabla hajakishika mkononi kitu kilichoua. Na kesi hii ilikuwa imefungwa na kila mtu isipokuwa yeye.

Mambo yenyewe yalijulikana pwani nzima. Juu ya birika palikuwa na kapi, na kwenye mnyororo wa kapi lilining'inizwa jiwe la kushindilia maembe. Jiwe lilishikwa na kulabu ya chuma cheupe, kile chuma cha pua kisichoshika kutu, alichokiagiza Ulaya mwenye kiwanda kwa sababu chuma cha kawaida huliwa na siki kabla msimu haujaisha. Juma lililopita kulabu ilikatika. Jiwe likamwangukia Dzombo wa Chirau, aliyekuwa chini akipanga maembe, akafa papo hapo.

Kulabu zote za kiwanda hicho zilisemekana kuwa kazi ya mtu mmoja, Fundi Sefu Boga, ambaye ni mume wa dada yake Dzombo. Sasa Sefu alikuwa mahabusu Kwale. Jumatatu angepelekwa mahakamani Mombasa kwa wizi na kwa kuua bila kukusudia, na mahakimu wa miaka ile ya Hali ya Hatari hawakuwa na sifa ya kusamehe. Mkewe, Biasha, alikuwa mja mzito.

Mapenzi aliuzungusha mguu polepole katika tope la chumvi. Alipapasa kokwa, akapapasa kigae, kisha kitu kizito kikamgusa unyayo. Akainama akakitoa. Ilikuwa kulabu nzima, isipokuwa shingo yake ilikuwa imekatika karibu na mahali ilipokuwa imeshikana na mnyororo. Kipande cha juu hakikuwapo tena. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuutupa mnyororo wote baharini siku ile ile, kwa kuwa umeingia nuksi, na hakuna aliyefikiri kwamba serikali nayo ingeutaka.

"Umeipata?" aliuliza Bwana Taibali kutoka juu. Ndiye mwenye kiwanda, Bohora mnene wa kofia yenye ukingo wa dhahabu, mtu wa adabu, ila aliyekwisha hukumu.

"Nimeipata."

"Basi panda nikuonyeshe wizi, Bwana Sajini, ili tumalize."

Taibali alikuwa na sumaku mfano wa kwato. Alimchukua Sajini stoo, akaiweka sumaku juu ya nondo nyeupe ambayo haijafanyiwa kazi. Sumaku ikateleza ikaanguka.

"Umeona? Chuma changu halisi hakishikwi na sumaku. Ndivyo walivyoniambia walioniuzia, na ndivyo kilivyo. Sasa njoo huku."

Wakaenda kwenye birika jingine, ambapo kulabu ilikuwa ikining'inia na jiwe lake. Taibali akaisogeza sumaku kwenye pindo la kulabu. Ikanata.

"Chuma cha mnadani," alisema Taibali. "Fundi Sefu ameuza chuma changu huko nje, akanitilia takataka. Takataka imekatika, na mtoto wa watu amekufa. Mimi nilimwamini."

"Uliijaribu ile iliyovunjika?"

"Ningeijaribu vipi? Ilikuwa ndani ya birika."

Mapenzi akaipangusa ile kulabu aliyoitoa topeni, akamwomba sumaku. Akaiweka kwenye pindo. Ikateleza. Akaiweka shingoni, ikateleza vile vile, ikamwangukia kiganjani. Taibali akaichukua akajaribu mwenyewe, mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili kwa makini, kisha akaitazama sumaku kana kwamba nayo imenunuliwa na Sefu.

"Bwana Taibali," alisema Mapenzi, "nieleze kama ninavyomweleza hakimu. Zilizo nzima ndizo za wizi, na iliyoua ndiyo ya halali?"

Taibali akamrudishia sumaku.

Sajini akazunguka kiwanda kizima na ile sumaku. Kulabu nyingi zilinata pindoni. Chache, zile za mabirika ya mwisho, hazikunata popote. Alipozitazama sana akaona tofauti nyingine: zile zilizonata zilikatwa ncha kwa msumeno na kuachwa hivyo, lakini zisizonata zilikuwa na ncha iliyobapwa na kuviringwa kidogo. Ile iliyoua ilikuwa na ncha ya kuviringwa. Mikono miwili, akawaza. Hapa pamefanya kazi mikono miwili, na mmoja haujatajwa.

"Kiwandani mnakunja chuma kwa njia gani?"

"Jiliwa na nyundo. Kile kibano pale, kwenye meza ya Sefu."

"Moto wa mkaa hamna?"

"Boila tu, kwa mvuke. Mkaa wa nini?"

Mapenzi akachukua ile iliyovunjika, akachukua moja inayonata na moja isiyonata ambayo ingali nzima, na kipande cha nondo. Akaamuru mabirika ya mwisho yasifanyiwe kazi. Taibali alilalamika kuhusu msimu wa maembe, naye Mapenzi akamwambia kwamba maembe yanaweza kungoja kuliko kichwa cha mtu.

*

Kivuko cha Likoni kilikuwa na foleni, maana askari walikuwa wakikagua vipande vya utambulisho vya kila mtu anayeingia Mombasa. Sare ilimpitisha Mapenzi upesi. Alikwenda Mbaraki, kwenye karakana moja ya kutengeneza meli, akamwulizia Bwana Rebello.

Rebello alikuwa Mgoa mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Kazi yake ilikuwa kueleza wenye meli kwa nini vyuma vyao vimevunjika, na kazi hiyo ilikuwa imemfanya asimwamini mtu yeyote anayesema "kilivunjika chenyewe". Alizipokea kulabu, akaitazama ile iliyovunjika mahali ilipokatika, akapiga mluzi mdogo.

"Msumeno haukupita hapa," alisema. "Msumeno huacha mistari na chuma kinang'aa. Tazama hapa: kijivu, chembechembe kama chumvi ya mawe. Imefumuka."

"Ni chuma gani?"

"Ni kile kile cheupe. Na hii inayonata ni kile kile."

"Lakini inanata."

"Wape watu sumaku na wote watajifanya mahakimu." Rebello akaufunga ule ufito wa nondo kwenye jiliwa lake. "Weka sumaku yako. Inashika? Haishiki. Sasa ngoja." Akavaa glavu, akachukua bomba la kuongezea nguvu, akaukunja ufito ukiwa baridi, uso ukamwiva kwa kazi. "Weka tena. Pindoni, si kwingine."

Sumaku ikajivuta, ikanata. Si kwa nguvu nyingi, lakini ilinata.

Mapenzi aliondoa akarudisha, akaondoa akarudisha. Alihisi furaha ya waziwazi, ya mtu aliyeona shaka yake haikuwa kichaa.

"Chuma kile kile, Bwana Sajini. Hujakitia kitu, hujakiondoa kitu. Umekikunja baridi tu, na chembe zake za ndani zimebanwa, nyingine zimejipanga upya. Ndipo sumaku inapokiona. Na hakikudhoofika, kimekuwa kigumu zaidi. Aliyezikunja hizi zinazonata alitoa jasho, lakini kulabu zake zingembeba tembo."

"Basi huyo ndiye niliyemfungia ndani," alisema Mapenzi.

Rebello alicheka, kisha akaacha alipoona mwenzake hacheki. Akakata kipande kidogo kwenye shingo ya ile iliyovunjika, akakisugua kwa msasa mpaka kikawa kioo, akakidondoshea tindikali, akakisuuza, akakiweka chini ya hadubini yenye taa ya juu. Akamwita Sajini atazame.

Mapenzi aliona vipande vingi vilivyoshikana, kila kimoja na pembe zake, na kati ya kipande na kipande palikuwa na mifereji myeusi.

"Umewahi kujenga ukuta wa matumbawe?" Rebello aliuliza.

"Nimejengewa."

"Hivyo vipande ni mawe yako. Pale yanapokutana ndipo penye chokaa. Chuma hiki hakishiki kutu kwa sababu ndani yake mna kromiamu, na hiyo kromiamu imeenea kila mahali, kwenye mawe na kwenye chokaa. Sasa hapa imehama. Imekutana na kaboni, ambayo ndiyo roho ya makaa, zikashikana, na chokaa ikabaki bila ulinzi. Siki na chumvi zikaingia njia hiyo zikala chokaa. Mawe yako yapo, mazuri, yanang'aa kwa nje. Ila hayajashikana."

"Na ni nini kinachoihamisha?"

"Joto. Si joto lolote. Ukikitia chuma hiki motoni kikawa chekundu cha kung'aa, kisha ukakizamisha majini mara moja, kromiamu haipati nafasi ya kuhama. Kinatoka laini, kizima. Lakini kikikaa kati na kati, si cha moto kabisa wala si baridi, kikipoa polepole, saa baada ya saa, hapo ndipo kinapoharibika. Naye aliyekifanya atakitazama asione dosari. Kitavunjika baadaye, kikisha kunywa siki ya kutosha."

"Kwa hiyo hii ilitiwa moto, ikapozwa taratibu."

"Taratibu sana. Mtu huyu hakuwa na haraka." Rebello akashusha miwani ya kichwani. "Huna haja ya hadubini kuzitambua. Zigonge tu. Nzima italia. Iliyoliwa ndani haitalia."

*

Biasha alikuwa amekaa kwenye ngazi za stesheni ya Kwale na bakuli tupu la wali lililofunikwa kwa kawa. Alisimama Sajini aliposhuka garini.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba, mwanangu. Amekula?"

"Wamempokelea. Mimi hawanipi nafasi ya kumwona." Alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha lia siku nyingi na sasa anaendelea na kazi. "Nakuuliza neno moja. Ni kweli aliuza chuma?"

"Si kweli."

Mapenzi akamwambia angoje, akaingia ndani.

Sefu Boga alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana na vifundo vya mikono vilivyovimba. Alisimama kwa heshima. Mapenzi alimwekea kulabu mbili juu ya benchi.

"Hii umeikunja wewe?"

"Naam."

"Kwa jiliwa, baridi?"

"Naam."

"Na hii yenye ncha ya kuviringwa?"

Sefu aliitazama kidogo tu. "Nayo ni mimi."

"Baridi?"

"Kwa moto."

"Moto wa wapi? Bwana Taibali hana mkaa."

"Nilikoka nje."

"Ulivukuta kwa kitu gani? Kwa kofia?"

Mapenzi akakaa kwenye benchi karibu naye, jambo ambalo Bwana Inspekta, mkuu wake, hakulipenda, lakini Bwana Inspekta alikuwa Diani kwenye chakula.

"Fundi Sefu, sikiliza. Najua hukuuza chuma. Najua kulabu zako ni nzima kuliko zilivyotoka Ulaya. Iliyomwua Dzombo si mkono wako. Jumatatu unakwenda kufungwa kwa kazi ya mtu mwingine, na mtoto wako atazaliwa huko nje akiitwa mtoto wa mwuaji. Niambie jina."

Sefu aliviminya vifundo vyake. Machozi yalimjaa, hakuyafuta.

"Sajini, wewe umeoa?"

"Nimeoa."

"Mkweo yu hai?"

"Yu hai."

"Basi usiniulize tena."

Mapenzi hakuuliza tena. Kwa Waduruma, kama kwa Wadigo, mkwe hakaripiwi, hapitwi mbele, na jina lake halitiwi katika jambo baya hata kwa mzaha. Ukimkosea unalipa faini na bado watu watakusimulia. Sajini mwenyewe aliwahi kunyamazia ng'ombe mzima aliyechukuliwa na mkwewe kwa sababu hiyo. Alizikusanya kulabu zake akatoka. Mhunzi wa Kinondo aliyejulikana kwa kila jembe na kila panga la upande ule aliitwa Mzee Chirau. Alikuwa baba yake Dzombo aliyekufa, na baba yake Biasha aliyekuwa kwenye ngazi. Yeye ndiye aliyekuja stesheni siku ya pili ya matanga akataka Sefu anyongwe.

"Panda garini," alimwambia Biasha. "Tunakwenda kwa babako."

"Babangu hasemi nami tangu mazishi. Amesema mke wa mwuaji asikanyage kwake."

"Utakanyaga ukiwa na serikali."

*

Nyundo ilisikika kabla ya nyumba kuonekana. Mzee Chirau alikuwa chini ya banda lake la makuti, kifua wazi, akifua jembe ambalo hakuna aliyelihitaji msimu huo. Mwenye kumjua aliona kwamba hiyo ndiyo namna yake ya kulia.

"Salamu aleikum, mzee."

"Aleikum salaam."

"Makiwa."

"Tunayo." Alimwona Biasha nyuma ya Sajini, akageuza uso kwenye fuawe. "Wewe karibu. Huyo sikumwita."

"Nimemwita mimi."

Mapenzi alikaa kwenye kigogo. Alitazama mivukuto ya ngozi, rundo la vifuu vya kuchomea, pipa la maji na, nyuma ya tanuri, shimo refu lililojaa majivu laini yaliyofukuta moshi mwembamba. Kwenye nguzo ya banda kulikuwa na kulabu ya kutundikia taa. Ncha yake ilikuwa imebapwa ikaviringwa. Akazitoa zake tatu, akazipanga mkekani.

"Nataka macho yako, mzee. Hii ni kazi ya nani?"

"Ya yule uliyemfunga. Hana moto, hukunja chuma kwa mabavu tu, kama anayevunja kuni."

"Na hii?"

"Siijui."

Alijibu kabla hajaitazama. Mapenzi akanyoosha kidole kwenye nguzo. Mzee akaifuata ile ncha ya kuviringwa kwa macho, kisha akashika nyundo tena.

"Wahunzi ni wengi," alisema.

"Wenye ncha hii?"

"Sajini, mwanangu ameuawa na chuma kibovu cha mkwe wangu. Umekuja kuniuliza ncha?"

"Nimekuja kukuazima fuawe."

Akaiinua kulabu ya Sefu kwa uzi, akaigonga kwa nyundo ndogo. Ililia, sauti nyembamba iliyodumu mpaka kuku wa uani wakanyanyua shingo. Kisha akaigonga ile nzima yenye ncha ya kuviringwa. Ilitoa kishindo kifupi, kama kibao, ikanyamaza.

Mzee Chirau aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza alisahau hasira.

"Umeigonga vibaya. Lete."

Akaigonga mwenyewe. Kibao. Akaigeuza, akaigonga pindoni. Kibao. Akailaza shingo yake ukingoni mwa fuawe akaipiga pigo moja, si kubwa, pigo la mtu anayetaka kumaliza ubishi. Kulabu ikakatika vipande viwili. Ndani ilikuwa ya kijivu, chembe tupu, nyingine zikamwagika kwenye fuawe.

"Haiwezekani," alisema mzee. "Kazi yangu haivunjiki hivi."

Kisha akasikia alichosema.

Mapenzi hakumharakisha. Alichukua ile iliyotoka birikani akaiweka karibu na hiyo iliyokatika, shingo kwa shingo. "Dzombo alikuletea lini?"

"Usimtie mwanangu wizi kaburini," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Huyo Bohora alikataza nondo zake zisitoke hata mlangoni. Ukiandika kwamba Dzombo alizitoa, ataitwa mwizi na hawezi kujitetea. Amekufa, Sajini. Mwache na jina lake."

"Baba," alisema Biasha.

Mzee hakugeuka.

"Baba, aliyekufa ni ndugu yangu. Nimemlilia, na nitamlilia. Lakini aliye ndani yu hai, na sasa naona anakulinda wewe. Amefungwa juma zima na hajakutaja. Yeye angetoka kwa neno moja tu na hakulisema." Aliweka mkono tumboni. "Na huyu je? Naye akae na jina gani?"

Makaa yaliporomoka tanurini. Mzee Chirau aliitua nyundo.

"Hajanitaja?"

"Nimemwuliza mara tatu," alisema Mapenzi. "Amesema zote ni kazi yake."

Mzee alikaa chini, si kigogoni bali mchangani. Alipoanza kusema alisema na makaa.

Maembe yalikuwa yameanza kuanguka, na Sefu alikuwa na homa, hawezi kushika jiliwa. Taibali alikuwa akipiga kelele kwamba mabirika ya mwisho hayana kulabu. Dzombo akaona aibu kwa ajili ya shemeji yake, akachukua nondo chache akazifunika kwa gunia la kokwa, akaja nazo kwa baba yake. Zikarudi kiwandani kesho yake, zimekunjwa, na Sefu akasifiwa kwa kulabu ambazo hakuzikunja. Hakuna kilichoibwa. Kila nondo iliyotoka ilirudi.

"Hilo nitaliandika," alisema Mapenzi. "Kwamba zote zilirudi. Ulipozitoa motoni, uliziweka wapi?"

Mzee akanyoosha mkono nyuma ya tanuri, kwenye lile shimo la majivu. "Zililala humo mpaka zikapoa zenyewe."

Mapenzi akamweleza. Alimweleza polepole, kwa ukuta wa matumbawe na chokaa, kwa sababu hakujua namna nyingine. Alimwambia kwamba chuma hiki cheupe si ndugu wa vyuma vingine, kwamba hakuna mhunzi wa pwani aliyewahi kukifua ili amweleze mwenzake. Alimwambia pia kwamba sheria itasikia kuwa hakujua. Mzee alisikiliza yote bila kukatiza, akizikusanya zile chembe kutoka kwenye fuawe kwa ncha ya kidole.

Sajini alipokwisha, mzee aliinuka.

"Biasha. Nipe kanzu yangu, iko ukambaani. Nakwenda Kwale kumtoa mumeo."

Biasha aliileta. Alimsaidia kuipitisha kichwani kama mtoto, na mzee alikubali kusaidiwa. Mkono wake ulikaa kidogo juu ya bega la binti yake, kisha akatoka bandani kuelekea garini. Alifika mlangoni mwa gari, akasimama.

"Sajini. Na kama ningezitia majini? Moto moto, kama panga?"

Mapenzi angeweza kusema uongo. Alikwisha wadanganya watu wengi kwa faida ya serikali, na huu ungekuwa uongo wa kheri. Lakini mzee yule alikuwa akienda kusema kweli mbele ya Inspekta, na haikumpendeza kumpakia garini na uongo.

"Zingekuwa nzima, mzee."

Mzee Chirau aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama anayekubali bei.

"Panga ndilo hutiwa majini," alisema. "Kulabu haitiwi. Ikitiwa maji huwa kavu, hukatika. Ndiyo nikazilaza majivuni, Sajini. Nilikesha nikiyachochea yasipoe upesi, nikijua mwanangu atakuwa anafanya kazi chini yazo."